Honda C70 ya marehemu mwalimu: niinunue au niiache?

Shikamoo Fundi,

Mimi ni kijana wa miaka 29, karani kwenye ghala la mazao hapa Tanga. Kazini naenda kwa daladala mbili, na siku za mvua ni bodaboda, kwa hiyo mshahara unaishia njiani. Nimeweka akiba kidogo kidogo kwenye kikoba hadi imefika shilingi milioni moja, na mke wangu tumekubaliana zitoke kwa ajili ya usafiri. Tatizo ni usafiri gani.

Mtaani kwetu kuna bibi mmoja, mjane wa mwalimu mstaafu. Uani kwake, chini ya turubai, kuna pikipiki ya Honda C70 aliyokuwa akiiendesha marehemu. Nimekua nikiiona ikipita asubuhi, madaftari yamefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu. Tangu mwalimu afariki haijawashwa. Tairi zimepasukapasuka, panya wamekula kiti na ekzozi imejaa kutu. Lakini ile plastiki ya kukinga miguu haijavunjika, taa ya mbele nzima, na nikikanyaga kiki inashuka bila kukwama. Bibi anataka laki tano. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam anamwambia asijisumbue, iende kwa wauza vyuma chakavu. Kadi ipo, bado ina jina la mwalimu.

Nilimpeleka fundi wa bodaboda akaiangalie. Hakuifungua hata plagi. Alisema: "Toa hiyo injini utupe, nikuwekee ya Kichina ya cc 110, Jumamosi unaendesha." Mke wangu yeye anasema nitakuwa natia pesa kwenye shimo, bora tununue Boxer iliyotumika, hata Jumapili naweza kuiweka kijiweni tukapata hela ya mboga.

Fundi, naomba uniambie ukweli. Laki tano ni halali? Injini nibadilishe au nitengeneze hiyo hiyo? Na nianzie wapi? Ufundi wangu ni wa kuziba pancha ya baiskeli tu, ila napenda kujifunza.

Kijana wa Tanga

Nyongeza: rangi yake ni buluu iliyopauka. Mimi napenda nyekundu.

*

Marahaba mwanangu.

Umeuliza mambo ya ufundi, lakini jambo litakaloamua kama utaendesha Honda hiyo au utaitazama tu umelitaja kwa sentensi moja na kupita: kadi ina jina la marehemu. Basi tuanze na karatasi, spana zisubiri.

Bibi hawezi kukuuzia kwa sahihi yake peke yake, hata kama mtaa mzima unajua mali ni ya nyumba ile. Mwenye mamlaka ya kuuza na kuhamisha umiliki ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtafute mtu mzima anayeheshimiana na bibi, amuulize kwa upole kama mirathi ilifunguliwa baada ya msiba. Mwalimu alikuwa mtumishi, na familia nyingi za watumishi hufungua mirathi ili kufuatilia mafao, kwa hiyo huenda barua ya usimamizi ipo kabatini pamoja na cheti cha kifo na hakuna aliyekumbuka kwamba inahusu na pikipiki. Ikiwepo, umepona. Msimamizi atasaini mkataba wa mauziano mbele ya wakili, mtakwenda Mamlaka ya Mapato (TRA) na kadi halisi na namba zenu za mlipakodi (TIN), na umiliki utahamishwa.

Kama haikufunguliwa, ukoo utakaa, utaandika muhtasari, utamchagua mtu, naye ataomba usimamizi Mahakama ya Mwanzo. Huchukua muda. Na yule kijana wa Dar anayetaka pikipiki ya baba yake iuzwe kwa kilo ni mrithi kama wengine, kwa hiyo msimzunguke. Siku atakapoiona inang'aa barabarani ndipo atakapokumbuka mapenzi aliyokuwa nayo kwa baba yake.

Wakati mnasubiri, mpe bibi sehemu ndogo ya pesa, mwandikishane mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na iandikwe wazi kwamba salio litalipwa umiliki ukihama. Unaweza kuanza kuitengeneza ikiwa familia imeridhia kwa maandishi. Barabarani usiiingize.

Kabla hata ya hayo, chukua kadi na tochi, uende ukalinganishe namba. Ya fremu imegongwa kwenye chuma cha fremu yenyewe. Ya injini iko kwenye mwili wa injini, na kwa C70 huanza na herufi C70E. Sugua kwa brashi na mafuta ya taa, usitumie msasa, maana namba iliyokwanguliwa humtia askari wasiwasi. Zote mbili zilingane na kadi. Pia tazama kibao cha namba: kama ni cha mtindo wa zamani ambao hauuoni tena barabarani, nenda TRA uulize iwapo usajili huo umo kwenye mfumo wao. Usikubali jibu la "tutarekebisha baadaye" kutoka kwa dalali, jirani wala bibi mwenyewe.

Sasa bei. Pikipiki isiyowaka, iliyosimama miaka, yenye kadi ya marehemu, mimi laki tano siitoi. Ningesema laki tatu na nusu, na gharama za kuhamisha umiliki juu yangu. Hiyo si kumpunja mjane. Kwa muuza chuma chakavu atapata hela ya kilo chache, na shughuli ya karatasi utakayoibeba ina thamani yake. Ila usiende na ile tabia ya kuiponda bidhaa mbele ya mwenyewe, "hii imeoza, hii takataka". Ni pikipiki ya mumewe. Mwambie unachoweza, mweleze kwa nini, kisha nyamaza. Katika milioni yako, tenga nyingine laki tatu na nusu kwa spea na ufundi, na zinazobaki usiziguse, kwa sababu kitakachokushtua kipo, hatujakijua tu.

Hiyo bei ina sharti moja: fremu iwe nzima. C70 haina fremu ya mabomba kama Boxer. Ni mabati ya chuma yaliyokandamizwa na kuunganishwa, yana uwazi ndani, na kwa hewa ya chumvi ya Tanga kutu huanzia ndani ikatokea nje wakati kazi imekwisha. Inua kiti, ufungue na kifuniko cha ubavuni. Pale betri inapokaa, tindikali huvuja na kula chuma. Tazama na zinapofungwa shokapu za nyuma kwa juu, na chini pale unapopita mhimili wa stendi kubwa. Gonga kwa mpini wa bisibisi, usikilize, kisha bonyeza kwa ncha. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilichooza hulia kizito na ncha huzama. Tundu dogo pembeni hufunikwa kwa kuchomelea kipande. Lakini ukikuta zinaposhikia shokapu pamelegea, mshukuru bibi kwa chai uondoke. Injini ya Honda hii utaipata, gurudumu utalipata, fremu yenye namba inayolingana na kadi ni hiyo hiyo moja.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na fundi wako wa Jumamosi. Hakudanganya. Injini nyingi za Kichina za 110 zinazolala kifudifudi zimeigwa kutoka ukoo huu huu wa Honda, na zinakaa kwenye bolti za fremu hiyo. Alichokuficha, au asichokijua, ni kwamba nyingi zinahitaji umeme wa volti 12 wakati C70 nyingi za zamani ni za volti 6. Ukibadili injini umebadili na nyaya, koili na taa, na breki zako zimebaki zile zile ndogo za pikipiki ya cc 72. Juu ya hayo, namba ya injini haitalingana tena na kadi, na itabidi TRA wajulishwe. Jumamosi yake itafika mwezi ujao.

Halafu hiyo injini ya kutupa ni ipi? Ukoo huu ulianza na Super Cub ya mwaka 1958, pikipiki ambayo Takeo Fujisawa, mshirika wa kibiashara wa Soichiro Honda, alitaka muuza tambi aweze kuiendesha kwa mkono mmoja huku wa pili umebeba chakula. Ndiyo maana haina krachi ya mkono. Kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Injini ya C70 ina kipenyo cha milimita 47 na mwendo wa pistoni wa 41.4, na vipimo hivyo hivyo ndivyo vya Honda CD70, inayopendwa sana Pakistani. Kwa hiyo ringi, pistoni na valvu si vitu vya makumbusho. Beba kipande cha zamani mfukoni ukilinganishe dukani kabla ya kulipa, kwa sababu maandishi ya boksi na kilichomo ndani mara nyingi hawajuani.

Umesema kiki inashuka bila kukwama. Habari njema, ila usiendelee kuikanyaga. Toa plagi, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu lake, uiache ilale hadi kesho. Ringi zilizokaa kavu miaka yote hiyo zikisuguliwa bila mafuta huchana silinda. Mwaga na oili ya zamani, utie mpya. Haifiki lita, na iwe ya pikipiki, kwa maana krachi ya C70 inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, na oili za magari zenye vilainishi vya ziada huifanya iteleze. Injini hii haina filta ya karatasi, ina wavu tu na kikombe kinachokusanya uchafu kwa kuzunguka, kwa hiyo ukishaanza kuendesha, badilisha oili kila kilomita elfu moja wala usione uchoyo.

Kesho yake ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, mwenzako akanyage kiki. Kidole kikisukumwa kwa nguvu, mgandamizo upo. Kikisukumwa kinyonge, ongeza kijiko kingine cha oili ujaribu tena papo hapo: nguvu ikiongezeka, ringi ndizo zimechoka; isipoongezeka, valvu hazifungi. Lakini kabla hujahukumu valvu, zipime nafasi. Fungua vifuniko viwili vya kichwa cha injini, zungusha sumaku (lile gurudumu zito lililo ubavuni mwa injini) hadi alama ya T ilingane na alama ya mwilini wakati valvu zote mbili zimelegea, na fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.05 ipite kwa kubanwa kidogo. Injini iwe baridi. Valvu iliyobana hata kwa unywele huvujisha mgandamizo, na nina hakika injini nyingi zimefanyiwa ovaholi kwa kosa la skrubu ndogo ya kurekebishia nafasi hiyo.

Cheche sasa. C70 nyingi za volti 6 huzalisha cheche kwa sumaku, hazihitaji betri ili kuwaka, kwa hiyo usianze kwa kununua betri. Rudisha plagi kwenye kofia yake, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na tundu, kanyaga kiki ukiwa kivulini. Ukiona cheche ya buluu, songa mbele. Usipoona, mtuhumiwa wa kwanza ni platini, ile swichi ndogo inayokata na kuunganisha umeme wa cheche. Imeota ukungu tu. Iko nyuma ya sumaku, utaifikia kupitia madirisha yake: pitisha kipande cha msasa laini, futa kwa petroli, weka mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.4. Ikiwa haitoshi, kondensa ifuate. Ikibidi sumaku itoke, tafuta pula yake, kifaa cha kuivutia nje. Atakayeichomoa kwa nyundo na patasi, hata awe rafiki yako, mpokonye nyundo.

Neno kuhusu bisibisi, maana hapa ndipo wanaoanza huharibu. Skrubu za Kijapani za kabureta na vifuniko zinafanana na za kawaida za msalaba lakini kina chake ni tofauti, na bisibisi ya kawaida huruka ikala kichwa. Tumia ncha inayojaa barabara, na zile ngumu zifungue kwa bisibisi ya kugonga. Kopa kwa fundi wa gereji, umrudishie na soda.

Petroli ya zamani imegeuka gundi ndani ya kabureta. Ifungue juu ya sinia jeupe ili usipoteze vitu vidogo, toa floti na jeti, loweka, puliza kwa kompresa. Usichokonoe jeti kwa waya wa chuma, utapanua tundu na pikipiki itakunywa mafuta maisha yake yote. Tenki liko chini ya kiti na ni dogo. Ling'oe, jaza siki, liache siku mbili, tia na vipande vya cheni ya zamani ulitikise, mwaga, suuza, kausha siku hiyo hiyo na utie petroli kabla kutu haijarudi. Likivuja, usimruhusu mtu kulichomelea kwa sababu tu "limekauka". Mvuke wa petroli hubaki ndani, na tenki tupu ndilo linalolipuka.

Ukiwa na mgandamizo, cheche na mafuta safi, itawaka. Si kwa kiki ya kwanza, lakini itawaka. Moshi mweupe na wa buluu wa dakika za mwanzo usikutishe, ni ile oili uliyomimina. Iendeshe uani, uisikilize ikishapata moto. Moshi wa buluu ukiendelea, hapo ndipo tunazungumza habari ya kuchonga bloku na pistoni ya saizi inayofuata. Usipoendelea, funga mdomo wa kila anayekushauri kufungua injini.

Tairi, tyubu, kebo na viatu vya breki nunua vipya bila mjadala. Rimu zizungushwe na spoki zikazwe. Mbele, shika gurudumu ulitikise mbele na nyuma: bushi za ile mikono mifupi inayoshika gurudumu zikicheza, zibadilishwe. Ukibana breki ya mbele na pua ya pikipiki ikanyanyuka badala ya kuinama, usikimbilie gereji. Hizi za zamani zimeumbwa hivyo. Taa za volti 6 ni hafifu na hupanda na kushuka na injini, na balbu za volti 12 haziponyi chochote, zitafifia zaidi. Panga kurudi nyumbani kabla ya giza mpaka utakapokuwa na pesa ya kubadili mfumo mzima, sumaku na koili zake pamoja.

Mkeo ana hoja, na sitaki umpelekee jibu langu kama fimbo. Kwa biashara, Boxer inashinda bila ubishi. C70 haijengwi kwa kubeba abiria wawili na gunia juu ya vilima siku nzima, na ukiiweka kijiweni Jumapili utaiua kabla ya mvua za masika. Kwa hiyo swali mnalopaswa kulimaliza nyumbani ni kama mnahitaji usafiri wa kwenda kazini au mnahitaji mradi. Kama ni mradi, nunueni Boxer, na Honda mwachie kijana mwingine. Kama ni usafiri wa mtu mmoja asiye na haraka, basi mshirikishe hesabu kwenye daftari tangu siku ya kwanza, kila ringi na kila gasketi, na mkubaliane mapema kwamba zile laki tatu na nusu za spea zikiisha kabla haijawaka, kazi inasimama.

Bima na helmeti sina haja ya kukukumbusha. Ada ya kila mwaka ya leseni ya chombo ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, kwa hiyo asije mtu kukutoza hiyo. Faini za barabarani ni jambo jingine, ziangalie kwa namba ya usajili kabla ya kusaini.

Na hiyo nyekundu yako. Rangi ni ya mwisho kabisa, baada ya miezi ya kuendesha, kwa sababu kila utakachofungua baada ya kupaka kitachubuka. Tena rangi ya chombo imeandikwa kwenye kadi: ukiitaka nyekundu, TRA wajulishwe. Mimi ningenunua kopo la pasta ya kung'arishia, nikaisugua buluu ya mwalimu Jumamosi moja nione imebaki kiasi gani. Chini ya turubai miaka yote hiyo, huenda imebaki nyingi kuliko unavyodhani.